Tano kwa Kumi na Sita

Siku tuliyomzika Robi, Mwalimu Ogada aliomba kipaza sauti nikamnyima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha salamu za marafiki, nimesimama kando ya hema na karatasi ya ratiba mkononi, nikamwona akija polepole kati ya viti vya plastiki, fimbo mkono mmoja na kofia mkono mwingine, akiwaitikia watu kwa kichwa kama mtu aliyezoea kupishwa. Amezeeka. Shingo imekonda ndani ya kola. "Atieno," akaniambia kwa sauti ya chini, "dakika moja tu. Nilimfundisha marehemu." Nikamjibu kwamba ratiba imejaa. Haikuwa imejaa. Shemeji yake Robi alitusikia, akaja kuninong'oneza: "Dada, huyu ni mzee, na ametoka Homa Bay mpaka hapa. Mpe tu aseme kidogo." Nikamwambia mwenye ruhusa ya kumpa huyu mzee nafasi amelala ndani ya lile sanduku, na hakuniachia maagizo ya namna hiyo. Mwalimu akarudi kwenye kiti chake. Nilimfuata kwa macho mpaka akaketi, na nilisikia raha ambayo kanisani huambiwa tuione aibu.

Aliyesoma wasifu wa marehemu alisema Robi alifika kidato cha nne "kisha akaacha shule". Hakuacha, alitolewa. Watoto wake wanne wamesimama mstari wa mbele, wote wamesoma, wote hesabu walifundishwa na mama yao kwenye meza ya jikoni, na hakuna hata mmoja anayejua kwa hakika kwa nini mama mwenye kichwa kile aliishia kuuza mahindi hapo Isebania, mpakani. Usiku wa kuamkia mazishi mkubwa wao aliniuliza, nami nikamwambia nitamwandikia. Hii ndiyo nimeandika. Wanafunzi wangu chuoni, Rongo, huniuliza pia, kwa njia yao: Madam, ulianzaje kupenda hesabu za uwezekano? Huwa nawapa jibu la adabu, kwamba zinatusaidia kuishi katika dunia isiyo na uhakika. Ukweli ni kwamba sikuanza kwa kupenda. Nilijifunza uwezekano jinsi mtu anavyonoa panga, nikimfikiria mtu mmoja.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, juu kidogo ya mji wa Homa Bay, na sitaitaja kwa sababu waliopo sasa hawana hatia. Kutoka darasani uliona kipande cha ziwa na upande mmoja wa Mlima Homa, na mchana harufu ya samaki wanaokaushwa ilipanda mpaka kwenye madawati. Robi na mimi tulikaa dawati moja. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili hata tulipokuwa wawili tu, na kwa kuwa wengine walirudi kwenye Kijaluo kila mwalimu alipotoka, Kiswahili chetu kikawa kama chumba chetu wenyewe. Mwalimu Ogada alitufundisha hesabu. Alikuwa mtanashati, shati jeupe, chaki kwenye kikebe chake mwenyewe, na alifundisha kwa kasi ya mtu asiyependa kuulizwa. Alipofika kwenye uwezekano alitupa mfano wa mfuko: ndani mna mipira mitano myekundu na mitatu myeupe, unatoa mmoja, unautia kando, unatoa mwingine. Uwezekano wa yote miwili kuwa myekundu ni upi? Akaandika ubaoni: tano kwa nane, mara nne kwa nane. Jibu, tano kwa kumi na sita. "Umetoa mmoja mwekundu, imebaki minne," akasema. "Namba ya juu inapungua. Mmeelewa?" Tukasema tumeelewa. Tuliandika, tukakariri.

Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne swali la uwezekano lilikuwa la hiari, na wasichana wengi waliliogopa wakaliruka. Katika darasa letu tulilichagua sisi wawili tu, Robi na mimi, kwa sababu tulikuwa na kiburi cha watu waliosoma. Karatasi zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine, na msahihishaji akarudisha zetu zikiwa zimebanwa pamoja kwa pini: wasichana wawili, viti vinavyopakana, swali lenye sehemu sita, majibu sita ya makosa, na makosa yote sita yanalingana namba kwa namba. Tuliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Naikumbuka ile ofisi kuliko chumba chochote nilicholala mwaka ule. Pazia la kijani lililofifia upande wa jua, kalenda ya kanisa, chupa ya chai na sahani ya mandazi ambayo hakuna aliyetukaribisha. Kamati ya nidhamu ilikuwa imeketi kando ya ukuta, na Mwalimu Ogada alisimama mbele ya ubao mdogo kama yuko darasani.

"Ukweli ni mmoja," akawaambia. "Wawili wakikutana kwenye ukweli, hiyo si ajabu. Lakini makosa ni mengi kama omena ziwani. Wawili waokote kosa lile lile, si mara moja, mara sita?" Akaandika moja ya kumi, akasema tumpe huruma hiyo, tuseme kila swali lina makosa kumi tu ya kuchagua. Akaizidisha moja ya kumi kwa mwenzake mpaka sehemu zote sita zikaisha. "Moja kati ya milioni," akasema, akapigia mstari. "Hiyo ndiyo nafasi ya hawa wasichana kuwa hawakuibiana." Mzee mmoja wa kamati akapiga mluzi mdogo.

Robi akainua mkono, kama darasani. "Lakini Mwalimu, sisi tulifanya tu vile ulitufundisha."

Nilimwona Mwalimu akigeukia dirisha. Kisha akaigeukia kamati, si sisi. "Mnasikia? Sasa wananitupia mimi." Mkuu wa shule akamwambia Robi anyamaze, kwamba utovu wa adabu hautamsaidia. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Robi, nikaisikia ile sentensi yake na sikuielewa. Nilidhani anajitetea tu kama mtu yeyote anavyojitetea. Alikuwa amesema ukweli wote, kwa maneno machache, mbele ya watu wazima waliosoma, na ukapita hewani. Kufikia jioni masanduku yetu yalikuwa getini. Majina yetu yalifutwa kwenye mtihani wa taifa. Robi alipanda gari la kwenda mpakani, mimi nikaenda Migori kwa waya, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo, dada ya baba yangu, kwa kuwa nyumbani hawakutaka kuniona.

Waya alikuwa fundi wa nguo, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Kwa hiyo mimi niliyefukuzwa shule niliamkia kushona vifungo vya mashati ya watoto wanaokwenda shule. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, vyumba vitatu kwa mstari, bati likilia kila alasiri mvua ilipokuja, na cherehani imewekwa mlangoni ipate mwanga. Chakula chetu kilikuwa kuon, yaani ugali, na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, au kuon na apoth, ile mboga ya mlenda ambayo waya aliipika na maziwa mpaka ikawa laini kama hariri, na Jumapili samaki mzima kama kapatikana. Wanawake wa kanisa walikuwa wakija kupima nguo, na mimi nikiwa chumba cha ndani niliwasikia. "Huyo ndiye ule msichana wa mtihani?" "Wanasema waliandika mpaka koma sawasawa." Waya hakuwahi kubishana nao. Aliwaambia, "Huyu ni msichana wangu. Kunyweni chai." Lakini baada ya wao kwenda, cherehani ilikimbia kwa nguvu kuliko kawaida.

Chumba cha mbele alikipangisha kwa Dada Kemunto, mwanamke wa Kisii aliyefanya kazi maabara ya hospitali na huku anasomea shahada kwa njia ya posta. Alikuwa mkavu. Nilipomsimulia kisa changu, nikilia, aliendelea kuchambua mchele. "Umeonewa," akasema. "Sawa. Kila msichana anayeletwa kwa shangazi yake ameonewa. Wewe una nini zaidi ya machozi?" Nikamwambia kuhusu moja kati ya milioni. Hapo ndipo alipoacha mchele. Akaniuliza hiyo milioni ilitoka wapi, nikamweleza, akaniuliza ni nani aliyesema zile sehemu sita hazijuani. Sikumwelewa. Akaingia chumbani akatoka na kitabu kinene cha Kiingereza, akakiweka mezani, kisha akaweka sahani ya mchele juu yake ili nisikifungue. "Hiki baadaye. Ukianza na kitabu utakariri, na kukariri ndiko kumekuleta hapa."

Somo langu la kwanza lilikuwa Jumapili mchana, baada ya chakula. Dada Kemunto alikuwa ameokota vifuniko vya soda kwenye kioski, vitano vyekundu na vitatu vyeupe, akavitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Akaniuliza swali lile lile la mfuko. Nikalijibu bila kufikiri, tano kwa kumi na sita, na nikajisikia vizuri kuwa najua. Hakusema nimekosa. Alivimwaga vyote mezani, akarudisha viwili tu, vyote vyekundu. "Toa viwili. Uwezekano wa vyote kuwa vyekundu?"

Nikacheka. "Hakuna kingine ndani."

"Usicheke. Fanya kwa hesabu, vile Mwalimu wako alikufundisha."

Nikaandika. Mbili kwa mbili, mara moja kwa mbili. Nusu. Nikaifuta, nikaandika tena. Nusu.

"Kwa hivyo," akasema, "mkebe hauna kitu ila vyekundu, umetoa viwili, na hesabu yako inasema nusu ya wakati utatoa kitu kingine. Kitu gani, Atieno? Samaki?" Waya, aliyekuwa akisukutua mdomo mlangoni, akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliutazama mkebe mpaka nikaona. Ukitoa kifuniko kimoja, si vyekundu tu vilivyopungua. Mkebe wote umepungua. Namba ya chini pia inashuka. Tano kwa nane, mara nne kwa saba. Tano kwa kumi na nne. "Nani alikufundisha ile nyingine?" Dada Kemunto akauliza, ingawa alikwisha kujua. Nikasema, "Yeye." Na hapo ndipo ile sentensi ya Robi iliponirudia, nzima, kwa sauti yake. Tulifanya tu vile ulitufundisha. Niliondoka mezani nikaenda nyuma ya choo nikalifanya swali lote upya kwa kijiti mchangani.

Niliporudi alikuwa amenichemshia chai, na aliongea nami kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. "Sasa sikiliza. Yale hayakuwa makosa sita. Lilikuwa kosa moja limevaa nguo sita. Mtu akishakuwa na ile kanuni mbovu, sehemu zote sita lazima ziharibike namna moja. Kuzidisha unaruhusiwa tu kwa mambo yasiyojuana. Haya yanajuana kabisa, ni ndugu. Na ninyi wawili pia mnajuana, si kwa kuibiana, kwa kuwa mlikunywa kisima kimoja." Nikamwambia kwamba kesho yake naenda Homa Bay kumtukana mbele ya darasa. Akaniambia nikienda na matusi nitarudi na matusi. "Unataka umuumize? Basi jifunze hii kitu mpaka uijue kumshinda. Halafu tutaenda."

Ndivyo nilivyosoma mwaka ule, na ndivyo ninavyofundisha mpaka leo, ingawa wanafunzi wangu hawajui namfuata nani. Kabla ya kugusa kanuni yoyote, bahatisha, na uandike ulivyobahatisha ili usije kujidanganya baadaye. Kisha fanya kwa mikono: toa vifuniko, rusha sarafu, mpaka mkono uchoke, uone umekosea kwa kiasi gani. Kisha chora mti wa mambo yanayoweza kutokea, tawi kwa tawi, na kwenye kila tawi simama uulize, mkebe sasa ukoje? Kanuni yoyote unayopewa, ijaribu kwanza mahali padogo ambapo jibu unalijua tayari, kama ule mkebe wa vyekundu vitupu. Kanuni ya uongo huanguka hapo hapo. Na mwisho mweleze mtu asiyesoma. Wangu alikuwa waya. Nilimweleza miti yangu huku akikata vitambaa, na aliposema "hapo umenipoteza" nilirudi mwanzo, kwa sababu Dada Kemunto alisema waya akipotea, aliyepotea ni mimi.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa lile swali lililotuhukumu. Dada Kemunto alinifundisha kwa kipimo cha taifodi. Huko maabara, alisema, kila mtu mwenye kichwa kinachouma anataka kupimwa, na kile kipimo chao huonyesha ugonjwa hata kwa baadhi ya wazima. "Tuseme wamekuja watu mia, na mgonjwa wa kweli ni mmoja. Kipimo kikamwonyesha yule mmoja, na kikawaonyesha na wazima watano kwa makosa. Sasa nina karatasi sita zinazosema taifodi. Nikiokota moja, mwenyewe ni mgonjwa?" Nikasema pengine si mgonjwa, ni mmoja tu kati ya sita. "Na ukimuuliza mtu barabarani atakuambia kipimo kimesema, basi amekwisha. Mwalimu wako alifanya hivyo. Aliuliza: kama hawakuibiana, je, ni rahisi wafanane? Akapata si rahisi. Halafu akawaambia watu kwamba amejibu lile swali lingine: wamekwisha kufanana, je, ni rahisi kuwa hawakuibiana? Hayo ni maswali mawili. Na la pili huwezi kulijibu mpaka uulize ni njia gani nyingine zingewafikisha hapo." Nililala na maneno hayo wiki nzima. Niliyapenda kama wengine wa rika langu walivyopenda wavulana.

Barua ya Robi ilinifikia mwezi wa Desemba, kupitia kwa dereva wa lori. Baba yake alikuwa amemchapa mbele ya wageni, kisha akamwoza. Aliandika kwa utulivu, hata akaniuliza kama bado nakula omena kwa vichwa. Nikaisoma kwa sauti. Waya akakaa chini. Dada Kemunto akavaa viatu, akatoka, akarudi akiwa amelowa, akasema, "Mwaka ukiisha tunakwenda kwa ofisi ya elimu. Sitaki tungoje zaidi."

Afisa wa elimu tuliyempata alikuwa mama mnene aliyevaa miwani kwenye kamba, na nadhani alikubali kutusikiliza kwa sababu waya alikataa kutoka kwenye benchi lake siku mbili. Nilimweleza habari ya mkebe. Nikamwomba jambo moja: asiniamini. Twende Homa Bay pamoja, aite wasichana wa kidato cha nne wa sasa wanaofundishwa na Mwalimu Ogada, awape swali la mfuko kila mmoja peke yake, na kabla hawajaandika mimi nimwambie yeye watakachoandika. Nilikuwa nimebahatisha kwanza, kama nilivyofundishwa. Dada Kemunto alinionya kwamba huenda Mwalimu amekwisha kujirekebisha, na hapo nitaonekana mwongo. Nikasema nitabahatisha hivyo hivyo. Nilikuwa namfahamu. Mtu yule asingeweza kufuta ubao wake mwenyewe.

Ofisi ilikuwa ile ile, pazia lile lile. Mwalimu Ogada aliketi akiwa amekunja nne, na aliponiona na gauni langu la kushonwa na waya akatabasamu. Nikamnong'oneza afisa, "Tano kwa kumi na sita." Wasichana wakaingia mmoja mmoja, wakaandika wamesimama kwenye kona ya meza, wakatoka. Wa kwanza aliandika tano kwa kumi na sita. Wa pili pia. Wa tatu alilia kwa woga, akaandika hivyo hivyo. Kufikia wa nne, Mwalimu alikuwa ameacha kukunja nne. Akasema wasichana hawa ni dhaifu, kila mwaka ni hivyo, hesabu hii huwashinda. Afisa akamuuliza msichana wa mwisho, "Hii njia umeipata wapi, mama?" Akajibu, "Ndiyo Mwalimu anatufundishanga."

Afisa akavua miwani. "Mwalimu, hebu tuonyeshe wewe."

Nimeifikiria dakika ile maisha yangu yote. Angeweza kuandika kumi na sita, akaonekana mjinga tu, na ujinga husamehewa. Lakini mbele ya mkubwa wake hakuweza kukubali kuonekana mjinga. Akachukua chaki, akaandika kwa mwandiko mzuri: tano kwa nane, mara nne kwa saba. Tano kwa kumi na nne. Akaweka chaki, akapangusa vidole. Nikamwona afisa akisoma ubao, kisha akisoma karatasi za wasichana, kisha akirudi ubaoni.

"Kumbe unajua," akasema. "Basi mbona hawa hawajui?"

Akapangusa vidole tena. Nikajibu mimi. Nilisema aliijua njia ya kweli tangu karatasi zetu zilipotoka kwa msahihishaji, kwa sababu majibu sahihi yalikuja nazo. Tangu siku hiyo angeweza kusimama darasani aseme, wasichana, nilikosea. Lakini angebadilisha, darasa lingejua makosa yetu sisi wawili yalitoka wapi. Kwa hiyo aliendelea kuwafundisha uongo mpaka sasa, wasichana wa watu, ili mimi na Robi tubaki wezi. Mkuu wa shule aliufunika mdomo wake kwa leso. Mwalimu akasema, "Huyu mtoto hana adabu," na hakuna aliyemuunga mkono.

Walituondolea hatia siku hiyo hiyo. Yeye, wakasema, atahamishwa. Kuhamishwa! Waya alikuwa amekwisha kuanza kumshukuru Mungu, lakini mimi nikasema haitoshi. Nikasema huyu aende kwa kina Robi, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya baba yake. Mkuu wa shule akaanza kueleza kwamba barua rasmi itatumwa. Afisa akamkatiza. "Pikapu ya shule ina mafuta?"

Tulikwenda siku iliyofuata. Mzee Chacha, baba yake Robi, alikuwa ametupangia viti chini ya kivuli cha ghala, na Robi alikuwa ameitwa kutoka kwa mumewe, tumbo limeanza kuonekana chini ya leso. Hatukukumbatiana. Tuliogopa kulia mbele ya yule mtu. Mwalimu Ogada akasimama, akaanza kwa Kiingereza, akimtazama mkuu wa shule, maneno marefu kuhusu hali ya kutoelewana iliyotokea. "Kwa Kiswahili, Mwalimu," nikasema. "Wasikie."

Akamgeukia mzee. "Mzee, binti yako hakuiba mtihani."

Mzee Chacha akainamisha sikio kama mtu asiyesikia vizuri. "Rudia."

"Hakuiba. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha vibaya."

"Na ulijua lini?" Robi ndiye aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza kengele italia lini.

Nilidhani atakwepa. Pengine alichoka, au pengine ni macho ya mzee. "Siku ile ile," akasema. "Ulipoinua mkono. Nilikuwa nimekwisha kujua."

Mzee Chacha aliitazama mikono yake. Hakuitazama kwa hasira, aliitazama kama vitu alivyoazima kwa mtu. Akasema kwa Kikuria maneno ambayo Robi hakunitafsiria, siku ile wala baadaye. Afisa akasema Robi, kama mimi, anaruhusiwa kurudi shule muhula ujao. Robi akacheka kidogo kupitia puani, akaweka mkono juu ya tumbo.

Mama yake alikuwa amechinja kuku. Kwao mgeni haondoki bila kula, hata awe amekuja kudai nini. Ugali wa wimbi ukaletwa, mweusi, unatoa mvuke, na mchuzi, na dada mdogo wa Robi akaja na birika na beseni kutunawisha mikono. Akaanza kwa afisa, akaja kwa mkuu wa shule, kwa waya, kwa Dada Kemunto, kwangu. Alipofika kwa Mwalimu Ogada, aliyekwisha kukunja mikono ya shati lake jeupe na kunyoosha vidole, Robi akasema kwa Kiswahili, ili tusikie wote: "Huyo usimnawishe."

Msichana akasimama na birika hewani, akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama mumewe. Mzee Chacha akavuta sahani yake karibu, akamega tonge. Msichana akapita.

Tulikula. Nilikula kuliko nilivyowahi kula tangu nifukuzwe, mapaja, shingo, mchuzi mpaka chini ya bakuli, na Robi kando yangu vilevile, magoti yetu yakigusana kama kwenye dawati. Waya alimnong'oneza Dada Kemunto kwamba haifai kumnyima mtu mzima chakula, na Dada Kemunto akaomba aongezewe ugali. Mwalimu Ogada alikaa mbele yetu, vidole vyake vikavu magotini, na kwa kuwa pikapu ilikuwa moja na sisi hatukuwa na haraka, alikaa pale mpaka tulipomaliza.